TAHADHARI: Msimu wa theluji usipande White Mountains peke yako

Ndugu mnaoishi Manchester, Concord, Portland na miji jirani ya kaskazini-mashariki mwa Marekani: picha za vilele vyeupe chini ya anga safi zimeanza kuzagaa kwenye simu, na vijana wanashawishika. Msiende peke yenu.

Wengi wetu hupima milima kwa Kilimanjaro. Tukisikia Mount Washington, ulio katika White Mountains, una mita 1,917 tu, tunaudharau. Tunasahau kwamba Kilimanjaro, wenye mita 5,895, haupandwi bila kiongozi, na wapagazi hubeba mahema na chakula. Huku hakuna geti wala askari wa kukuuliza umevaa nini.

Ufupi wa mlima huo haupunguzi ukali wake. Aprili 1934 kileleni palipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa. Februari 2023 baridi ilifika nyuzi 44 chini ya sifuri, na kwa upepo uliokuwepo mwili ulipigwa na baridi sawa na nyuzi 78 chini ya sifuri. Februari 2015 mpanda milima mzoefu aliyekuwa peke yake alifia katika milima hiyo. Alikuwa na kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti, nacho kilituma ishara, lakini kilionyesha sehemu tofauti tofauti, na upepo ukawakwamisha waokoaji.

Hatari kubwa ya kuwa peke yako ni kwamba baridi huiba akili kabla ya kuua. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, vidole hushindwa kufunga zipu, ulimi huwa mzito, miguu hujikwaa. Yeye mwenyewe hujiona mzima. Mwenzake ndiye anayegundua. Kutetemeka kukikoma bila kupata joto, si nafuu: hali imezidi. Wengine hufikia kuvua nguo wakidhani wanaungua.

Ukitaka kupanda:

• Nendeni watatu au zaidi. Mmoja akiumia, wa pili abaki naye, wa tatu afuate msaada.

• Acha jinzi na fulana za pamba. Pamba ikilowa jasho haikutunzii joto. Vaa sufu au nguo za michezo zinazokauka upesi, na juu yake koti la kuzuia upepo.

• Asubuhi soma utabiri wa vilele unaotolewa na Mount Washington Observatory. Utabiri wa mjini haukuhusu huko juu.

• Desemba jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi jioni. Pangeni saa ya kugeuka, na ikifika geukeni hata kama kilele mnakiona. Bebeni taa za kichwani.

• Miti ikiisha na theluji ikianza kupeperuka, rudini. Nyayo zenu hufutika kwa dakika chache, na alama za njia hazionekani.

• Simu ikae ndani ya nguo, karibu na mwili. Baridi humaliza betri.

Mwachie mtu wa nyumbani jina la njia na saa ya kurudi. Nawe uliyeachiwa, saa hiyo ikipita na simu haipatikani, piga 911 papo hapo, utaje njia hiyo. Usisubiri kuche, wala usipande kumtafuta mwenyewe.