Dhahabu, Zebaki na Uhai wa Mchimbaji Mdogo: Kinga ni Wajibu wa Haki

Mwezi Oktoba 2025, bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola za Marekani 4,000 kwa wakia moja, kwa mara ya kwanza katika historia. Kwa familia nyingi za Geita, Shinyanga na Mara zinazoishi kwa jasho la wachimbaji wadogo, hii ni habari ya matumaini. Lakini bei inapopanda, watu huvutwa machimboni kwa wingi, na zebaki nayo hutumika zaidi. Hatuna budi kujiuliza: ni nani anayelipa gharama isiyoonekana kwenye mizani ya mnunuzi?

Zebaki hupendwa kwa sababu ni rahisi kutumia. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, mchimbaji huchanganya mchanga na zebaki, nayo hushikamana na chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa motoni; zebaki hupaa kama mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauonekani wala hauna harufu ya kumwonya anayeuvuta. Huingia mapafuni, hupita kwenye damu na kudhuru ubongo na figo. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hufifia. Mara nyingi donge huchomwa nyumbani, karibu na jiko la chakula, mama mjamzito na watoto wakiwapo. Zebaki inayobaki katika marudio husombwa na mvua hadi mitoni, ambako vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya katika samaki.

Ulimwengu ulikwisha kupata somo hili kwa uchungu. Mwaka 1956, mjini Minamata nchini Japani, yaligunduliwa maradhi ya mishipa ya fahamu kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa taka za kiwanda. Hata akina mama walioonekana wazima walijifungua watoto wenye ulemavu mkubwa. Serikali ilikiri rasmi chanzo chake mwaka 1968, baada ya miaka 12. Kuchelewa huko kuliongeza idadi ya waathirika.

Kwa kumbukumbu ya mji huo, Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Tanzania ni mwanachama. Mkataba unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo mkubwa kuchukua hatua za kukomesha, pamoja na mengine, uchomaji wa donge mahali pa wazi na katika makazi ya watu, na kuwakinga watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Hata hivyo, tunaona kwamba katazo peke yake halitoshi. Mara nyingi anayempa mchimbaji zebaki kwa mkopo ndiye pia anayenunua dhahabu yake. Ukimnyang'anya zebaki bila kumpa njia nyingine, atainunua kwa siri na kuichoma usiku, ndani ya nyumba. Kinga ya kweli huanza na vifaa: mtungi uliofungwa, unaonasa mvuke na kuirudisha zebaki ili itumike tena, na meza za kutenganisha dhahabu kwa uzito wake bila zebaki. Vifaa hivyo vinahitaji mitaji, vikundi vilivyosajiliwa na leseni za kudumu, kwa maana asiye na uhakika wa eneo lake hawezi kuwekeza.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatuangazia. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, anataja haki ya mfanyakazi kufanya kazi katika mazingira yasiyodhuru afya yake. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, anautaja waziwazi uchafuzi wa zebaki katika machimbo ya dhahabu. Na kabla yao, Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, iliagiza kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu hakungoja mtu aanguke. Alidai kinga itangulie.

Basi, wapendwa waamini na watu wote wenye mapenzi mema, ukingo huo ni wajibu wetu sote. Serikali iharakishe mikopo na ukaguzi. Wanunuzi waulize dhahabu ilivyopatikana. Zahanati zilizo karibu na machimbo zitambue dalili mapema. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo nazo zinaweza kuanza wiki hii na jambo moja lisilohitaji fedha: kukubaliana kwamba hakuna donge litakalochomwa tena ndani ya nyumba au mbele ya mtoto.