Kuku wa Kuchoma Ataka Ndimu ya Kweli

Ni jambo la kusikitisha kwamba baadhi ya wachoma kuku mjini Mombasa wameiacha ndimu ya mti, wakashika ndimu ya unga.

Unga huo una ukali tu. Ndimu halisi, pamoja na maji yake, ina mafuta ya ganda, nayo ndiyo yatoayo harufu. Mama zetu walimchanja kuku, wakamkamulia ndimu, wakampaka thomu, tangawizi, pilipili na chumvi, kisha wakamwacha akolee saa moja au mbili. Akizidi hapo, ukali wa ndimu hulegeza nyama kupita kiasi. Ndipo aliporudi jikoni kwa makaa yaliyoshika majivu, si kwa moto wa kumbabua nje na kumwacha mbichi ndani.

Twajua kwamba ndimu hupanda bei zikiadimika. Hata hivyo, mlaji ana haki ya kujua anachouziwa, na dini yetu imekataza ghushi katika biashara. Anayetumia unga na aseme. Anayekamua ndimu na tumwunge mkono, maana fedha yake humfikia mkulima.