Kompyuta ndogo ya nyumbani: tazama ndani kabla ya kulipa

Mwezi huu tuzungumze juu ya kompyuta ndogo za kubeba, zile zenye uzito wa kilo moja hadi moja na nusu, ambazo mama anaweza kuzitia mkobani pamoja na madaftari ya wanafunzi au hesabu za kikoba. Familia nyingi hununua zilizokwisha kutumika, kwa fedha iliyowekwa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Fedha hiyo ikipotea hairudi upesi. Kwa hiyo tunasema mapema: tusichague kompyuta kwa wembamba na mng'ao wake. Tuchague ile ambayo diski yake inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine.

Kwa nini diski? Kwa sababu diski ndiyo ghala la kompyuta. Katika kompyuta nyingi za zamani, ndani ya diski mna visahani vinavyozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake bila kuvigusa. Mtoto akiiangusha wakati inafanya kazi, kichwa hicho chaweza kukwaruza kisahani, na vilivyomo vikapotea. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka. Hazina kelele, hustahimili mtikisiko, na husoma haraka mara nyingi zaidi. Kompyuta inayochelewa kuwaka hadi uji ukapoa, mara nyingi haijachoka yenyewe. Inaingojea diski yake.

Sasa twende dukani. Si kila kompyuta nyepesi hukubali kubadilishwa diski. MacBook ya inchi 12 iliyotoka mwaka 2015 ilikuwa na gramu 920 tu, lakini ghala lake limechomelewa kwenye ubao wa ndani. Ukiinunua yenye nafasi ndogo, utabaki na nafasi hiyo hiyo. ThinkPad X220 ya mwaka 2011 ni kinyume chake: kifuniko cha diski kimeshikwa na skrubu moja.

Hata hivyo, umri nao una maneno yake. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa kompyuta nyingi za Intel, inataka ubongo wa kizazi cha nane au zaidi. Soma namba yake: ikiwa imeandikwa i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi. Dell Latitude 7290 na HP EliteBook 830 G5, zote za mwaka 2018, ni ndogo, nyingi ni za kizazi hicho, na diski zake hubadilishwa. Ya zamani zaidi itafaa kama nyumba iko tayari kujifunza Linux, ambayo haina malipo.

Kabla ya kutoa fedha, fanya mambo matatu. Kwanza, iwashe bila chaja, ukae nayo nusu saa uone betri inavyoshuka. Pili, hakikisha haina neno la siri la mwenye nalo wa kwanza linalotokea kabla ya Windows kuanza. Nyingi hutoka maofisini, na kufuli hilo ni gumu kuondoa. Tatu, uliza kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM, ni gigabaiti ngapi. Tunashauri zisipungue 8, kwani katika kompyuta nyembamba nyingi nayo imechomelewa.

Ukienda kununua SSD, beba jina kamili la kompyuta. Kuna za inchi 2.5, na kompyuta ndogo nyingi hupokea zenye unene wa milimita 7 tu. Kuna pia za M.2, vipande vyembamba ambavyo kwa kawaida vina upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Hizi za M.2 zina aina mbili, SATA na NVMe. Hufanana kwa macho, lakini si kila kompyuta hupokea zote mbili. Na ukiona diski ya terabaiti 2 kwa bei ya kutupa, shtuka. Ziko za bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko waliyoiweka ndani. Programu ya H2testw huijaza diski mpya na kuisoma tena, na ukweli ukajulikana.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla bisibisi haijaguswa, nakili kila kitu mahali pengine: vyeti vya watoto, hesabu za kikundi, picha ya bibi aliyekwisha zikwa. Diski inauzwa dukani. Picha ile haiuzwi popote. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika pia ufunguo wake wa kuokolea kwenye karatasi.

Kisha kuna njia mbili. Ama unahamisha kila kitu kama kilivyo, kwa waya wa USB na programu kama Clonezilla, ama unaanza upya kwa kuweka Windows kutoka kwenye flashi ya gigabaiti 8. Kompyuta izimwe kabisa, chaja ichomolewe, betri itenganishwe. Gusa chuma kwanza ili umeme wa mwilini utoke. Weka skrubu kwenye kisahani, kwa mpangilio wa zilivyotoka, maana huenda urefu wake haulingani.

Akifanya fundi, mwombe akurudishie diski ya zamani mkononi mwako. Usimwachie, wala usiiuze vivi hivi, kwa maana kufuta picha kwa kawaida hakuziondoi papo hapo. Mwenye ujuzi aweza kuzirudisha. Itie katika kasha la USB, iwe nakala ya pili, ikae kabatini mbali na watoto.

Basi, akina mama, tuulize diski kabla ya kuuliza rangi. Kompyuta inayofunguka itamfaa mtoto wa kwanza, na huenda ikamfikia hata wa tatu. Tukutane mwezi ujao.