Mazungumzo ya Nyumbani: Mwendo wa Wawili Mlimani

Mwezi huu twataka kunena habari za safari. Si safari ya gari wala ya meli, bali ya miguu, nayo ni ya mume na mke. Watu husema, ukitaka kumjua mtu, safiri naye. Nyumbani mume ana kazi zake na mke ana zake, na siku nyingi zaweza kupita pasipo mmoja kuzipima nguvu za mwenziwe. Mlimani hupimwa kila saa.

Huko Ulaya, katika mpaka wa Ufaransa na Italia, karibu na Uswisi, pana mlima uitwao Mont Blanc, ambao urefu wake wapita mita 4,800. Kilele chake kilipandwa mara ya kwanza mwaka 1786, nao waliokipanda ni Jacques Balmat na Michel-Gabriel Paccard. Lakini asiyetaka kilele aweza kuuzunguka mlima, kwa kuwa iko njia ya miguu ya kilometa 170 hivi, ipitayo katika nchi zote tatu. Wengi huimaliza kwa siku kumi au kumi na moja. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 tulikuwa Geneva kwa arusi ya jamaa yetu, na arusi ilipokwisha tukaenda kutembea sehemu ya njia hiyo kwa siku sita, toka Les Contamines katika Ufaransa mpaka La Fouly katika Uswisi.

Usiku watu hulala katika nyumba za mlimani. Wasomaji wetu wa Moshi wazijua nyumba za Mandara, Horombo na Kibo katika njia ya Marangu. Nyumba hizi zina kazi ile ile, ila hapa hakuna wapagazi, kila mtu huchukua shanta yake mwenyewe. Desturi zake ni chache, nazo zafaa kushikwa. Nafasi huombwa mapema, tena asiyeweza kufika hana budi kupeleka habari, asije akanyimwa mwingine kitanda, wala watu wasije wakadhani amepotea. Viatu huvuliwa mlangoni. Kila mgeni huja na shuka yake iliyoshonwa kama mfuko, naye hujifunika blanketi la nyumba. Chakula cha jioni huliwa pamoja, wageni wa mataifa mbalimbali katika meza moja, na saa nne usiku taa huzimwa. Mwenye bahati hupata chumba. Sisi tulilala katika bweni, bega kwa bega na watu tusiowajua, na mmoja wao alikoroma mpaka alfajiri.

Sasa tuseme habari ya mizigo. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ya kwanza tulikuwa tumegawanya vitu sawasawa, tukaona kwamba hiyo ndiyo haki. Siku ya pili, tulipouvuka mpaka wa Italia mahali paitwapo Col de la Seigne, penye mita 2,516, goti la mmoja wetu lilianza kuuma, hasa katika mteremko. Hatusemi ni goti la nani, maana kila msomaji atadhani anajua. Jioni ile katika nyumba ya Elisabetta tulimwaga vitu vyote juu ya kitanda, tukavigawanya upya: mwenye magoti mazima akachukua maji, chakula na nguo za mvua za wote wawili, mwenye goti bovu akachukua nguo zake tu na fimbo mbili za kujitegemeza. Mizigo haikuwa sawa tena, lakini siku ya tatu tulikwenda vema kuliko siku zote.

Siku ya tano ndiyo iliyotujaribu. Tuliondoka nyumba ya Bonatti saa moja asubuhi, tukikusudia kuvuka Grand Col Ferret, penye mita 2,537, na kulala Uswisi. Msimamizi wa nyumba alikuwa ametuambia kwamba radi yatazamiwa tangu saa sita. Katika kiangazi jua hupasha mabonde moto, hewa yenye unyevu hupanda, na baada ya adhuhuri hugeuka kuwa mawingu ya radi. Mtu aliye juu ya mgongo wa mlima usio na miti huwa yeye mwenyewe ndiye kitu kirefu.

Kwa sababu ya goti, ilikuwa saa nne na nusu tulipofika nyumba ya Elena, iliyo chini ya mpando wa mwisho. Mwenye nguvu alisema, "Tukienda sasa, saa sita tutakuwa juu." Mwenye goti alijibu, "Wewe utakuwa juu. Mimi sijui." Tulikaa kimya kitambo. Neno la kwanza lilikuwa la kweli, na la pili vilevile. Kule La Fouly nafasi yetu ilikuwa imelipiwa, na vijana wawili waliolala nasi Bonatti walikuwa wakitupungia mkono huku wakipanda. Ndipo mwenye nguvu alipoweka shanta chini, akaingia ndani kuuliza kama pana vitanda.

Vilikuwapo. Tulipiga simu La Fouly kuwaambia kwamba tutafika kesho. Saa saba na nusu radi ilianza, mvua ya mawe ikaupiga ule mpando mpaka hatukuuona. Vijana wale walivuka salama. Tuliwakuta La Fouly siku ya pili, wakicheka. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila apandaye wakati ule hupatikana na mabaya. Twasema kwamba mwendo wa vijana wale haukuwa mwendo wetu, na kwamba saa ya safari ya wawili hupimwa kwa miguu ya yule achokaye kwanza.

Basi, ninyi mtakaosafiri hivi, mahali popote penye milima, shikeni haya. Ondokeni mapema. Aliye dhaifu na atangulie, ili mwendo uwe wake. Mwenye maumivu na aseme siku yanapoanza, asingoje yamshinde. Mkipatwa na hatari katika milima ile, pigeni filimbi au onyesheni taa mara sita katika dakika moja, mnyamaze dakika moja, kisha mrudie tena. Awasikiaye hujibu kwa ishara tatu. Nambari ya simu ya kuomba msaada katika nchi hizo ni 112.

Hata asiyefika Ulaya maisha yake anao mzigo wa nyumba, nao haugawanyiki sawasawa kila mwaka. Yafaa mume na mke waumwage mbele yao mara kwa mara, waugawanye upya kwa kadiri ya nguvu zilizopo, pasipo kuhesabiana.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kupokea wageni wanaokaa siku nyingi.