Mafuta ya Mgando na Krimu za Gulioni

Katika magulio yetu, kutoka Same mpaka Gonja, muuza krimu hakosekani. Makopo yake mengi hayana jina la mtengenezaji wala maelezo ya vilivyomo, lakini yeye ana jibu la kila swali: mba, chunusi, upele, weusi wa uso na pumu ya ngozi, vyote kwa kopo moja. Mimi nasema waziwazi kwamba mtu huyu anawaumiza watoto wetu.

Tusidanganyane, krimu yake hufanya kazi. Mama humpaka mtoto Jumatatu, Alhamisi ngozi imetulia, naye huwatangazia majirani. Ni kwa sababu mara nyingi ndani yake mna dawa kali za jamii ya steroidi, zile zile zinazotiwa katika mkorogo wa kujichubua. Mikononi mwa daktari dawa hizo zina kazi yake na kipimo chake, wala mzazi aliyeandikiwa asiziogope. Lakini zikipakwa ovyo kwa miezi, usoni na kwapani, ngozi hukonda, michirizi hutokea, na siku kopo likiisha ugonjwa hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Ikiwa lililokuwepo ni fangasi, ndiyo kabisa: hujificha huku likienea. Basi mama hurudi gulioni kununua kopo jingine, na muuzaji humwita mteja mwema.

Pumu ya ngozi, au ukurutu, haiambukizi, wala si jini wala uchafu. Ngozi ya mgonjwa ni kama ukuta wa fito ambao udongo wake umebanduka: unyevu hutoka, na vumbi, sabuni na vijidudu huingia. Mara nyingi ni maumbile ya kurithi, na katika ukoo ule ule utakuta mwenye pumu ya kifua. Hapa Kisiwani, tambarare kavu inayopakana na Mkomazi, upepo wa kiangazi huzidisha ukavu.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani ni kukandika ukuta, na udongo wake ni mafuta ya mgando. Yamejulikana sana, Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872. Watu huyadharau kwa kuwa yanauzwa dukani kando ya kiberiti. Mtoto aogeshwe kwa dakika 5 hadi 10, maji yawe vuguvugu, si ya moto. Sabuni iwe laini isiyo na manukato, tena kidogo. Sabuni ya mche na ya unga ni za nguo. Dodoki liwekwe mbali. Akaushwe kwa kugusagusa taulo, na kabla dakika 3 hazijapita apakwe mwili mzima, si penye mabaka tu. Arudiwe jioni. Apakwe hata siku ambazo ngozi ni nzuri, na hapo ndipo wengi hushindwa.

Wapo wasemao mafuta hayo huleta joto na vipele. Ni kweli yakipakwa mazito mchana wa jua la kwetu. Basi mchana yawe membamba, mazito yabaki ya usiku. Yakizidi kumsumbua, wengine hupata nafuu kwa mafuta ya nazi au ya alizeti. Lakini ndimu, dawa ya meno na mafuta ya taa, la hasha! Kucha zikatwe fupi, na nguo zisuuzwe mara mbili ili sabuni isibaki.

Na shule je? Niliwahi kumpokea mwanafunzi aliyetoka shule nisiyoitaja, ambako alikalishwa dawati la peke yake mihula miwili kwa kudhaniwa ana ukoma. Baka la ukoma hupoteza hisia; mtoto huyu alijikuna mpaka damu! Mwalimu aliyepita chuo cha ualimu angeweza kuuliza swali hilo moja. Kadhalika masweta ya nailoni: kumlazimisha mtoto wa namna hii avae sweta katika joto la tambarare ati kwa ajili ya sare ni ukatili, ukiitwa nidhamu au usiitwe.

Mafuta yana mpaka wake. Ngozi ikitoa usaha au maji ya njano, vikitokea vilengelenge vinavyouma, au mtoto akipata homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Nyumba nzima ikijikuna usiku, huenda ni upele, nao una dawa yake. Mkoa wetu una bahati ambayo mingine haina: pale KCMC Moshi, tangu mwaka 1992, kipo kituo kinachofundisha utabibu wa ngozi kwa wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Nauli ya kufika huko ni kubwa kwa mkulima, najua. Lakini jumlisha makopo ya mwaka mzima uone.

Bwana afya naye, akija gulioni kukagua nyama, aulize na hayo makopo yasiyo na jina yametoka wapi.