Yai la Staftahi ya Malaysia



Vijana wetu waliokwenda kusoma Malaysia, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa kilichoanzishwa nchini humo mwaka 1983, hurudi nyumbani na hamu ya vyakula ambavyo mama zao hawavijui. Kimojawapo ni yai. Huvunjwa juu ya kisahani, ute wake ukitetema kama faluda ambayo haijashika barabara, na kiini chake kikiwa bado chamiminika. Kijana hulifurahia, bibi yake akilitazama husema hili ni bichi, lirudishwe jikoni. Wiki hii tumeona tulizungumze yai hilo, kwa kuwa kijana ana haki ya kulipenda na bibi naye ana hoja yenye uzito.

Wamalei huliita telur separuh masak, yaani yai lililoiva nusu. Haliliwi peke yake. Huandamana na mkate uliobanikwa, uliopakwa siagi na kaya, ambayo ni jamu ya tui la nazi na mayai, pamoja na kahawa nzito iliyochujwa kwa mfuko wa kitambaa na kutiwa maziwa mazito ya kopo. Staftahi hii ilikulia katika migahawa iitwayo kopitiam. Jina lenyewe limeunganisha lugha mbili: kopi ni kahawa kwa Kimalei, na tiam ni duka kwa Kihokkien, mojawapo ya lugha za Wachina wa kusini. Wengi wa walioanzisha migahawa hiyo walikuwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Hainan. Wao walifika Malaya baada ya Wachina wengine, wakakuta biashara nyingi zimeshashikwa, basi wengi wakaajiriwa upishi katika nyumba za Waingereza. Huko walizoea mkate, siagi na mayai ya asubuhi, na walipofungua maduka yao wenyewe waliviunganisha na tui na sosi ya soya. Leo Waislamu wa Malaysia nao hula staftahi hiyo, lakini hutazama kwanza kama mgahawa una alama ya halali ya JAKIM, idara ya serikali inayosimamia mambo ya Kiislamu.

Sasa tuingie jikoni. Siri ya yai hili ni kwamba haliwekwi motoni. Maji ndiyo yanayochemshwa, kisha moto huzimwa, na yai huachwa ndani ya joto lile mpaka muda wake utimie. Kwa mayai mawili, chemsheni lita moja ya maji katika sufuria yenye kifuniko kinachokaa vizuri. Yakishatokota sawasawa, zimeni jiko, yatumbukizeni mayai polepole kwa kijiko, funikeni, na msifunue tena. Dakika 6 hutoa yai laini sana, na dakika 7 hutoa ute ulioshika kidogo. Mayai yasitoke katika jokofu moja kwa moja, kwani yai baridi hupasuka, na lisipopasuka hupoza maji likabaki bichi kweli. Yatoeni mapema yapate joto la chumba. Mkitaka mayai zaidi, ongezeni maji pia. Muda ukitimia, yatieni katika maji ya baridi kwa nusu dakika, gongeni katikati kwa mgongo wa kisu, mwageni juu ya kisahani, na ute uliogandia gandani ukwangueni kwa kijiko cha chai.

Katika nyumba nyingi za Malaysia kuna chombo maalumu cha kazi hii, cha plastiki, chenye sehemu mbili. Mayai hukaa sehemu ya juu, yakamwagiwa maji yanayochemka mpaka kwenye alama inayolingana na idadi yake. Chini kuna kitundu kidogo ambacho maji hupita yakidondoka hadi sehemu ya pili. Maji yakiisha juu, mayai yako tayari. Hakuna saa wala moto. Tunakiona ni chombo cha busara, lakini sufuria na saa ya simu vinatosha.

Kwa nini ute ushike na kiini kisishike? Ute huanza kuwa mweupe kwenye nyuzi 62 hivi za Selsiasi, ila haukazi barabara mpaka ukaribie nyuzi 80. Kiini huanza kuwa kizito kwenye nyuzi 65 hivi na kukaza kwenye 70. Joto huingia kutoka nje, hivyo ute ulioko karibu na ganda hulipata kwanza, na kiini kilicho katikati hubaki nyuma. Anayelitoa yai mapema hukikuta kiini hakijafika popote.

Hapo ndipo hoja ya bibi inapoanzia, nayo ina sehemu mbili: tahara na afya.

Kuhusu tahara, Wamalei na sisi watu wa mwambao ni wafuasi wa madhehebu moja ya Imam Shafii, na hukumu yake tunaijua. Kinyesi cha kuku ni najisi. Maji machache, yasiyofika kulatayni, yakiingiwa na najisi hunajisika, na sufuria ya lita moja iko mbali sana na kiasi hicho. Yai lenye uchafu gandani likitumbukizwa humo, maji yote yamenajisika, na yai safi lililo kando yake limeguswa na maji hayo. Basi yai lioshwe kabla ya kuingia sufuriani, kwa maji yanayopita, mpaka athari ya uchafu iondoke. Tunaongeza neno la jikoni: lisioshwe siku linaponunuliwa, bali lioshwe wakati wa kupika. Ganda lina utando wa asili unaozuia vijidudu visipenye, na yai lililooshwa likawekwa siku nyingi huharibika upesi.

Kuhusu afya, kuosha hakumalizi jambo. Bakteria wa salmonela huweza kuwa juu ya ganda, lakini huweza pia kuwa ndani ya yai tangu likiwa tumboni mwa kuku mgonjwa, wala yai hilo halibadiliki sura, harufu wala ladha. Wapo wanaolitia yai katika maji ili waone kama linazama au linaelea. Jaribio hilo huonyesha kama yai ni jipya au la zamani, basi. Kuhusu salmonela halisemi neno. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kipikwe mpaka kifike nyuzi 70 ndani, na kiini kinachomiminika hakijafika huko.

Kwa hiyo tunasema bila kuficha: mjamzito, mtoto mdogo, mzee, na mgonjwa ambaye kinga ya mwili wake imepungua, hawa wasipewe yai hili. Mtu mzima mwenye afya njema akipatwa na salmonela kwa kawaida huharisha siku chache akapona, lakini kwa hawa tuliowataja ugonjwa huweza kuwa mzito. Huenda mkasikia kwamba Uingereza iliwaruhusu wajawazito kula mayai yasiyoiva. Ni kweli, ilikuwa mwaka 2017, na ruhusa hiyo ilihusu mayai yenye muhuri wa simba, yanayotokana na kuku waliochanjwa dhidi ya salmonela. Trei la mayai tunalonunua mtaani halina muhuri huo, na si haki kuchukua ruhusa ya mayai yale tukaipa mayai haya. Mkwe mwenye himila akikataa yai la namna hii, asichekwe wala asiambiwe anadeka.

Kwa atakayelila, vikolezo ni viwili tu: matone ya sosi ya soya na pilipili manga nyeupe iliyosagwa. Chumvi haitiwi, kwa kuwa sosi ina chumvi ya kutosha, na mwenye shinikizo la damu atie matone mawili au matatu asizidishe. Someni chupa na mtafute alama ya halali, maana baadhi ya sosi huongezwa pombe kiwandani. Liliwe papo hapo. Yai hili halingoji mtu aliyeko bafuni.

Imebaki kaya, nayo haiogopwi, kwa kuwa mayai yake huiva kabisa. Pigeni mayai manne na kikombe kimoja cha sukari, mtie kikombe kimoja cha tui zito, mchuje, kisha mpike katika bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka, mkikoroga bila kuacha. Huchukua kama dakika 40, na mkono huchoka, kwa hiyo mwiteni mtu wa kupokezana naye. Wamalei hutia humo jani la pandani lililofungwa fundo, ambalo ni la jamaa moja na mkadi wetu, ingawa mkadi hutupa ua la kunukiza nguo na nywele na wao hula harufu ya jani. Msitie kadi jikoni. Iliki au vanila kidogo inatosha. Ikipoa huwa nzito kama jamu. Paka boflo uliobanikwa, weka kipande cha siagi baridi katikati, na mjamzito apewe wake pamoja na yai lililochemshwa dakika 12.