Kasa wa Kigamboni alinitia adabu

Jumapili iliyopita mimi na washikaji tulivuka kwa pantoni kwenda Kigamboni kupunga upepo. Mishikaki imefika, soda za baridi ziko mezani, mara dada mmoja wa kundi letu akapiga ukelele: "Jamani, kile nini?"

Kumbe kasa! Mkubwa kama sinia la pilau, kalala mchangani saa nane mchana. Sikuuliza mtu. Nikavua viatu, nikamsukuma mpaka majini, nikarudi natembea kifua mbele. Mwokozi wa bahari, si ndiyo?

Haikupita robo saa wimbi likamrudisha. Anaelea kama boya, kupiga mbizi hawezi.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akanijia juu: "Mwanangu, unamuua! Kasa hupanda pwani kutaga, tena usiku. Ukimkuta mchana kalegea hivi, ujue anaumwa. Anapumua kwa mapafu kama wewe. Ukimrudisha akiwa hoi, anakufa maji."

Nikabaki mdomo wazi. Bado sijajibu, kijana mmoja akatokea na panga. "Mzee, si kitoweo hicho?"

"Ya Pemba hukuyasikia?" mzee akamuuliza. Bwana we, Machi 2024 kisiwani Panza watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Sumu yake ikiwemo, kupika hakuiondoi. Na sheria hairuhusu kumchinja. Panga likarudi lilikotoka, kimya kimya.

Basi tukafanya alivyosema mzee. Tukamtilia kivuli. Dada yetu akatoa khanga yake, tukailowesha na kumfunika mgongo, pua tukaziacha wazi. Hakuna kumpindua chali, hakuna kummiminia maji mdomoni, hakuna kumzingira kwa makelele. Mzee akampigia simu afisa uvuvi. Jioni wakaja wakambeba, angali anapumua. Tulipiga makofi, sikufichi.

Jumatatu nikampigia mzee. Kasa alikufa usiku. Alipopasuliwa, utumbo ulikutwa umezibwa na plastiki. Gesi ilikuwa imejaa ndani, ndiyo maana alikuwa anaelea.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, lakini kachumbari yetu ile Jumapili ililetwa kwenye vinailoni viwili. Wakati mimi najifanya shujaa majini, upepo ulivipeperusha kuelekea baharini. Niliviona kwa macho yangu. Nikasema aah, vinailoni tu.

Khanga ya watu sijailipa bado. Deni la kasa ndilo sijui nitalilipaje.

Ukimkuta kasa hoi ufukweni, usijifanye daktari, wala usijifanye mpishi. Mtafute afisa uvuvi. Na kinailoni chako rudi nacho nyumbani.

Tukutane wiki ijayo.